Yeyuka, Ganda na Awamu: Tahakiki ya Istilahi za Hali za Maada

Istilahi hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza iko mezani: je, neno linatamkika, linanyambulika, limefuata kanuni za uundaji? Mizani ya pili iko mkononi mwa yule anayepaswa kutenda jambo baada ya kulisoma neno hilo. Sisi tunaoshughulika na kazi hii tumeizoea mno mizani ya kwanza, kwa kuwa ipo karibu nasi. Katika makala haya tunakusudia kutumia ya pili, na kupimia maneno manne ambayo vitabu, taarifa na tafsiri zetu huyatumia kila siku kueleza namna maada inavyobadilika hali: yeyuka, ganda, awamu na sindika.

Sababu ya kulifanya jambo hili sasa ni dhahiri. Tangu mwaka 2010 gesi asilia imekuwa ikigunduliwa katika bahari ya kina kirefu mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Sheria ya Petroli ilipitishwa mwaka 2015. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maandishi ya elimu ya gesi, ambayo hapo awali yalikaa katika makabati ya wahandisi, hayana budi kufika mezani kwa mfasiri, kwa hakimu, kwa mkaguzi wa usalama na kwa fundi. Kila mmoja wao atauliza neno hili lina maana gani, na jibu halitakuwa la kujifurahisha.

Hata hivyo hatukwenda kuyapimia maneno haya Lindi. Tumeichagua Mngeta, katika bonde la Kilombero, kusini-magharibi mwa Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo reli ya TAZARA inapita kando ya mashamba ya mpunga. Huko hakuna anayengoja gesi. Watu hutumia maneno haya kwa kazi zao wenyewe: mbolea, chumvi, wali, barafu ya kuhifadhia samaki. Neno ambalo halijapita semina yoyote huonyesha maana yake ya asili, na ndiyo maana tunayotaka kuilinganisha na ile tunayoitwisha sisi.

1. Mfuko wa urea

Mkulima wa mpunga wa Mngeta anaijua urea. Ni mbolea nyeupe ya punje ndogo, yenye naitrojeni asilimia 46, itiwayo majarubani mpunga ukiwa umekwisha kushika. Mwulize inakwenda wapi baada ya kumwagwa majini, naye atajibu pasipo kusita: inayeyuka.

Sasa tuitie urea ileile katika chombo kikavu na kukiweka motoni. Joto likifika nyuzi 133 punje zitalegea na kuwa majimaji. Mtazamaji atasema vilevile: imeyeyuka.

Matukio haya mawili hayana undugu. Katika tukio la kwanza hapana moto. Gramu 100 za maji ya nyuzi 20 huweza kupokea gramu 108 hivi za urea, tena chombo hupoa. Anayetia konzi ya urea katika kikombe cha maji na kukoroga atasikia baridi viganjani. Vitu viwili vimeingiana hata visiweze kutofautishwa kwa macho. Katika tukio la pili kitu ni kimoja tu, hakikuingiana na chochote. Kimepokea joto kikaacha uyabisi wake. La kwanza latokea katika joto lolote maji yawapo maji, la pili lina kiwango chake maalumu. Anayetaka kurudisha hali ya awali katika tukio la kwanza atayakausha maji, na katika la pili ataondoa chombo motoni. Sababu ni mbali mbali, dawa ni mbali mbali, lakini neno ni moja.

Urea ina na kuyeyuka kwa tatu. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walieleza kwamba ukiichanganya urea na kolini kloridi, chumvi inayotiwa pia katika chakula cha kuku, kwa kipimo cha molekuli mbili za urea kwa moja ya kolini, yabisi hizo mbili hugeuka kimiminika ambacho hakigandi mpaka joto lishuke kwenye nyuzi 12 hivi. Urea peke yake hudai nyuzi 133, na kolini kloridi peke yake hudai zaidi ya nyuzi 300. Zikikutana, kila moja humwondolea mwenzake uyabisi. Hapana maji, na moto mdogo unaotumika ni wa kuharakisha tu. Tutasema nini hapa? Imeyeyuka? Katika nini? Kwa nini? Neno letu halina jibu.

Wala mambo haya hayakomei kwenye urea. Mfasiri akikutana na maneno «chumvi iliyoyeyuka», mbele yake pana vitu viwili. Kimoja ni maji ya chumvi, ambayo kila jiko la Mngeta linayo. Kingine ni chumvi tupu iliyofikishwa nyuzi 801, inayong'aa kwa joto. Kuna na cha tatu: mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza chumvi moja, etilamonia naitreti, ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida la chumbani bila tone la maji. Chumvi za jinsi hiyo sasa ni jamii kubwa, na hutafitiwa sana kwa kuwa zina uwezo wa kupokea ndani yake vitu ambavyo maji huvikataa. Tafsiri itakayosema «chumvi iliyoyeyuka» kwa vitu vyote vitatu haitakuwa imekosea sarufi, bali itakuwa haijasema kitu.

Kamusi zetu za kawaida hazina lawama kubwa. Kazi yao ni kuandika jinsi watu wasemavyo, na watu husema yeyuka kwa yote, hata kwa mtu aliyetoweka na deni la watu. Lawama ni ya vitabu vya sayansi na ya orodha za istilahi. Humo tunakuta myeyusho katika ukurasa mmoja na mmumunyo katika mwingine, kana kwamba ni majina mawili ya mtoto mmoja. Lugha ilikwisha kutupa vitenzi viwili, yeyuka na mumunyuka, nasi tumevifanya visawe.

Wapo watakaopinga kwamba mumunya ni tendo la kinywa, tena la kibogoyo. Tunakubali, na hiyo ndiyo hoja yetu. Anayemumunya pipi haiyeyushi kwa joto la ulimi. Mate huiingia, nayo humalizikia katika mate. Ingekuwa joto tu ndilo linalohitajika, pipi zingekwisha zenyewe mfukoni mchana wa jua kali. Kwa hiyo maana ya asili ya mumunya inabeba barabara dhana tunayoitafuta: kitu kimoja kuishia ndani ya kingine. Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya kitaalamu yeyuka lishike maana moja tu, ya yabisi kuwa kimiminika kwa kupokea joto, na kwamba mumunyuka lishike maana ya kuingia ndani ya kitu kingine. Kutoka hapo tutapata kimumunyishi kwa kile kinachopokea, kimumunyishwa kwa kile kinachopokewa, na mmumunyo kwa matokeo yake. Kimiminika cha urea na kolini kiitwe mchanganyiko myeyuko, kwa kuwa ni mchanganyiko ulioshusha kiwango cha kuyeyuka cha wote wawili.

Hatukusudii kumkataza mama wa Mngeta kusema chumvi imeyeyuka mchuzini. Jikoni neno hilo halimdhuru mtu. Tunachotaka ni kwamba mwanawe, anayesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, asiingie sekondari akiwa na dhana moja pale ambapo kitabu cha Kiingereza kitampa maneno mawili. Mtoto huyo hukariri maneno yote mawili na kuyadhania ni visawe, kisha huhesabiwa kuwa hajui Kiingereza. Kumbe kilichomkosa ni dhana, na aliyemnyima ni Kiswahili cha vitabu vyetu.

2. Upeo usio hatari

Yapo maada ambayo hata majina yabisi, kimiminika na gesi hayayatoshi. Dioksidi ya kaboni ikiwa juu ya nyuzi 31, nalo ni joto la kawaida la mchana wa kiangazi katika bonde la Kilombero, haiwezi tena kufanywa kimiminika hata ikishindiliwa namna gani. Kanieneo, yaani kani inayolemea eneo, ikipita mara 73 ya ile ya hewa tunayovuta, hewa hiyo huwa nzito karibu kama kimiminika, ilhali hupenya kama gesi. Katika hali hiyo ni kimumunyishi kizuri. Miaka ya 1960 mkemia wa Kijerumani Kurt Zosel aligundua kwamba inaweza kuondoa kafeini katika buni, na viwanda vikaifuata njia yake.

Mahali ambapo tofauti ya gesi na kimiminika hukoma huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo katika magazeti hufasiriwa ama «muhimu» ama «hatari». Mfasiri atakayeandika «nukta ya hatari» atamfanya msomaji akimbie, na atakayeandika «nukta muhimu» atamfanya aulize ni muhimu kwa nani. Hapana hatari wala umuhimu hapo, bali mwisho wa jambo. Nukta upeo yatosha. Na maada iliyo ng'ambo ya nukta hiyo tuiite giligili pitaupeo, kwa kuwa giligili tayari ni jina la kila kitu kitiririkacho, kiwe kimiminika au gesi.

3. Kuganda kwa nani?

Mkulima wetu wa Mngeta akiacha mfuko wa urea wazi wakati wa masika, punje hunywa unyevu wa hewa na kushikamana kuwa bonge. Husema mbolea imeganda. Maziwa yakichachuka, yameganda. Maji yakiwekwa katika jokofu, yameganda. Tope likishika mguu, limeganda. Katika matukio haya manne ni moja tu ambalo ni kimiminika kuwa yabisi kwa kupoteza joto.

Madhara ya ulegevu huu yanaonekana katika kisa ambacho ni fahari yetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona kwamba mchanganyiko wa maziwa na sukari aliouweka jokofuni ukiwa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umepoa. Akiuliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, ng'ambo ya pili ya milima ileile ya Udzungwa inayoitazama Mngeta, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alilijaribu, na mwaka 1969 wawili hao waliandika habari hiyo katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza. Jina la Mpemba likaingia katika fizikia ya dunia.

Lakini dunia haijakubaliana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walichapisha majaribio yao wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi 0. Hapo ndipo penye fundo. Maji yanaweza kufika nyuzi 0 na kushuka chini yake yangali majimaji. Je, maji «yameganda» yafikapo nyuzi 0, au inapotokea chembe ya kwanza ya barafu, au inapokwisha tone la mwisho la maji? Saa tatu tofauti zaweza kutoa washindi watatu tofauti. Sehemu ya ubishi wa nusu karne ni ubishi wa maana ya kitenzi kimoja.

Tungefurahi kuona Kiswahili, lugha ya nchi iliyompa Mpemba swali lake, kinakuwa cha kwanza kulitengeneza neno hilo. Kazi si kubwa. Tuseme mwanzo wa mgando kwa chembe ya kwanza, ukomo wa mgando kwa tone la mwisho, na kiwango cha mgando kwa joto lenyewe. Maziwa na damu viachiwe kugandamana, na mbolea iachiwe kushikamana.

4. Serikali mbili kwa wakati mmoja

Neno awamu limeingia katika istilahi za sayansi likiwa mzigoni mwa Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa kipindi cha mradi na kwa sehemu ya maada iliyo ya namna moja. Kwa kipindi cha mradi awamu halina dosari. Kila Mtanzania anajua awamu ni nini: Serikali ya Awamu ya Kwanza ilipoondoka ndipo ya Pili ikaingia. Awamu mbili hazikai Ikulu pamoja.

Maada hukaa pamoja. Katika nyuzi 0.01 na kanieneo ya paskali 611, barafu, maji na mvuke hukaa chomboni humo humo bila mmoja kumfukuza mwenzake. Mafuta ya alizeti na maji ya ndani ya chupa moja vyote ni vimiminika, lakini ni sehemu mbili zenye mpaka. Kwa hiyo neno hali nalo halitoshi, maana hali ya mafuta na hali ya maji ni moja, yaani umiminika. Dhana tunayoitaka ni ya tatu.

Mmarekani Josiah Willard Gibbs, katika maandishi yake ya mwaka 1876 hadi 1878, alionyesha kwamba idadi ya sehemu hizo ndiyo inayoamua uhuru wetu. Chukua idadi ya vijenzi, ongeza mbili, toa idadi ya sehemu. Kinachobaki ni idadi ya mambo, kama joto na kanieneo, unayoweza kuyabadili upendavyo bila kupoteza sehemu yoyote. Mwalimu atafundishaje kanuni hii kwa neno linalomwambia mwanafunzi kwamba sehemu hizo hupokezana zamu?

Tunapendekeza sura. Kitabu kina sura nyingi kwa wakati mmoja, kila moja na mpaka wake, na zote ni za kitabu hicho. Awamu libaki serikalini na katika miradi. Hali ibaki kwa yabisi, kimiminika na gesi.

5. Lumbesa na kinu

Sasa tuielekee gesi yenyewe. Katika maandishi ya umma pana maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti: gesi iliyoshindiliwa na gesi iliyosindikwa. La kwanza ni la gesi inayoendesha magari ya Dar es Salaam. La pili ni la gesi inayokusudiwa kusafirishwa nje kwa meli kutoka Lindi.

Neno shindilia tunalisifu. Mtu wa Mngeta aliyewahi kuona lumbesa ikitengenezwa anaelewa papo hapo. Mpunga ulioshindiliwa gunia likafura bado ni mpunga. Vivyo hivyo gesi iliyoshindiliwa katika mtungi kwa kanieneo mara 200 ya kawaida bado ni gesi. Neno limesema kweli, tena bila maelezo.

Neno sindika halifanyi hivyo. Kwa asili ni kukamua mafuta au miwa, au kuegesha mlango. Siku hizi ni kazi yoyote ya kiwanda juu ya mazao. Anayesikia gesi inasindikwa atadhani inasafishwa au inafungashwa. Hatajua kwamba imepozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kwamba imeacha kuwa gesi ikawa kimiminika, na kwamba ujazo wake umepungua mara 600 hivi. Tena kwa sauti atalichanganya na shindilia, ilhali vitu hivi viwili hudai mitungi tofauti, tahadhari tofauti na sheria tofauti. Gesi asilia miminika ingemwambia ukweli kwa maneno matatu.

6. Barafu isiyo barafu

Tumefika kwenye mtihani ambao maneno yote hayo huufanya kwa pamoja. Mwaka 1810 Humphry Davy, wa Uingereza, alionyesha kwamba maji yenye klorini hutoa yabisi kama barafu kabla maji yenyewe hayajafika kiwango chake cha mgando. Mwaka 1934 Hammerschmidt, wa Marekani, alitambua kwamba yabisi ya jamii hiyo, na si barafu, ndiyo iliyokuwa ikiziba mabomba ya gesi. Mwezi Mei 2010, katika Ghuba ya Mexico, kuba la chuma lililoshushwa mita 1,500 hivi kukinga mafuta yaliyokuwa yakivuja lilizibwa na kitu hichohicho, kazi ikashindikana.

Kitu hicho ni haidrati ya gesi. Molekuli za maji hushikana mikono na kujenga vizimba, na ndani ya kila kizimba hukaa molekuli ya gesi. Kwa methani, molekuli 46 za maji hujenga vizimba 8. Jambo hili si geni hata kwa urea ya Mngeta: tangu mwaka 1940, kwa kazi ya Mjerumani Bengen, inajulikana kwamba fuwele za urea nazo huweza kujenga vichirizi vinavyofungia ndani yake molekuli ndefu za mafuta. Kinachotakiwa ni baridi kiasi na kanieneo kubwa. Katika nyuzi 4, kanieneo mara 40 hivi ya kawaida yatosha kujenga haidrati ya methani. Sakafu ya bahari kwenye vitalu vyetu vya mbali iko mita zaidi ya 2,000 chini, ambako kanieneo hupita mara 200. Kwa hiyo bomba lolote lenye gesi na maji huko chini limo ndani ya eneo la haidrati.

Tuyaite maneno yetu moja moja. Je, ni gesi iliyoganda? La hasha. Methani huganda katika nyuzi 182 chini ya sifuri. Hii imefungwa tu. Je, ni barafu ya gesi, au «barafu inayowaka» kama wapendavyo waandishi wa magazeti? Si barafu, husimama imara hata katika nyuzi 10 kanieneo ikitosha, na kwa hesabu ya Gibbs ni sura nyingine kabisa. Je, gesi imemumunyuka majini? Hapana, kwani maji hayakubaki kimiminika. Na je, ikipashwa moto, huyeyuka?

Hapa ndipo mizani ya pili inapoonyesha uzito wake. Tuseme mwongozo wa usalama umefasiriwa, na fundi amesoma: «Barafu ikiziba bomba, iyeyushwe.» Fundi huyo anaijua barafu. Ikiyeyuka hupungua ujazo, huwa maji, huchuruzika, basi. Ataleta moto au maji ya moto mahali palipoziba. Lakini haidrati haiyeyuki, hutengana. Mita moja ya ujazo ya haidrati hutoa gesi mita za ujazo zaidi ya 160 kwa kipimo cha hewa ya kawaida. Gesi hiyo ikitolewa katikati ya kizibo kisicho na pa kupumulia, bomba hupasuka. Akifungulia kanieneo upande mmoja tu, kizibo huweza kufyatuka kama risasi. Njia iliyo salama ni kupunguza kanieneo polepole kwa pande zote mbili, au kuzuia tangu mwanzo kwa kutia methanoli au glaikoli, ambazo zikimumunyuka katika maji hushusha joto linaloweza kujenga vizimba, kama chumvi ishushavyo kiwango cha mgando cha maji.

Katika sentensi hiyo moja ya mwongozo, maneno mawili ya Kiswahili fasaha yanaweza kumuua mtu. Mhariri wa lugha angeipitisha bila alama ya kalamu nyekundu.

7. Maoni yetu

Hatusemi kwamba Kiswahili ni maskini. Kila neno tulilolihitaji tulilikuta: mumunya kinywani, shindilia kwenye lumbesa, kizimba kwenye banda la kuku, sura kwenye kitabu. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuligawia kila neno kazi yake na kulizuia lisiingilie ya jirani. Kanuni zetu hutuambia tutafute kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa nje. Bonde la Kilombero lina Kindamba, Kimbunga na Kipogoro, lugha za watu waishio kwa maji ya mto na umande wa mlimani. Maneno yao ya maji, ukungu na unyevu yanastahili kukusanywa kabla hatujakopa zaidi.

Tunapendekeza basi: yeyuka kwa joto na kitu kimoja, mumunyuka kwa vitu viwili, ganda kwa kimiminika kinachopoteza joto, sura badala ya awamu, gesi asilia miminika badala ya gesi iliyosindikwa, haidrati ya gesi, nayo hutengana, haiyeyuki. Orodha za istilahi ziwe na mfano wa matumizi kando ya kila neno, na mfano huo uwe wa tendo. Orodha isiyo na mfano ni sawa na mfuko wa mbolea usio na maelezo: kilichomo ni kizuri, lakini mkulima atakimwaga popote.

Walimu walio madarasani, wafasiri walio mahakamani na bungeni, na maofisa walio katika idara za nishati watakuwa na mifano iliyo bora kuliko yetu, na pengine hoja za kutupinga. Tunawaomba watuletee. Neno sura hasa tungependa lijaribiwe kabla halijasanifiwa, na anayeona lina kasoro aseme sasa, wakati mabomba ya bahari ya kina hayajalazwa na miongozo yake haijafasiriwa.